Mzee anayesahau naye aulizwe

Kama Biblia iko karibu, fungua Injili ya Yohana sura ya 9 uisome mpaka mwisho. Wengi wetu tunaikumbuka kama habari ya kipofu aliyepakwa tope machoni, akaenda kunawa Siloamu, akarudi anaona. Ni kweli, lakini muujiza wenyewe unamalizika kufikia mstari wa 7. Mistari 34 inayobaki ni habari ya uchunguzi. Majirani wanabishana kama ni yule yule aliyekuwa akiketi na kuomba. Mafarisayo wanamhoji, hawaridhiki, wanawaita wazazi wake. Wanamhoji tena, na jibu lake lisipowapendeza wanamtoa nje.

Angalia jambo moja dogo mwanzoni. Wanafunzi wanamkuta mtu huyu njiani, wanamgeukia Bwana na kuuliza ni nani aliyetenda dhambi hata akazaliwa hivi, yeye au wazazi wake. Wanauliza akiwa pale pale. Alikuwa kipofu, hakuwa kiziwi. Kila neno alilisikia.

Kisha waangalie wazazi, mstari wa 20 hadi 23. Wanashuhudia wanachokijua: huyu ni mtoto wetu, alizaliwa haoni. Lililobaki wanasema aulizwe yeye, kwa sababu ni mtu mzima na ana kinywa chake. Yohana anatuambia wazi kwamba walisema hivyo kwa kuogopa kutengwa na sinagogi, kwa hiyo sitawapamba. Lakini neno lao lilikuwa bora kuliko nia yao.

Neno hilo ndilo ninalotaka tulibebe leo hadi kwa wazee wetu wanaosahau, na hasa hadi kwenye utafiti unaofanywa juu yao. Najua utafiti si neno tulilozoea kulisikia kati ya wimbo wa pili na mahubiri. Nivumilie.

Ugonjwa wa kusahau, ambao wataalamu wanauita dimensia, si kule kusahau kwa kawaida kwa mtu anayetafuta miwani iliyo kichwani mwake. Ni maradhi ya ubongo. Huanza polepole. Mtu anarudia swali lile lile, anapotea njia ya shambani aliyoipita miaka hamsini, chumvi inaingia kwenye chai, mtoto anaitwa kwa jina la mjomba aliyekwishafariki. Baadaye kuvaa, kuoga na kula vinahitaji mkono wa mtu mwingine. Alzheimer ndiyo aina inayojulikana zaidi. Kiharusi na magonjwa ya mishipa ya damu huleta aina nyingine. Dawa ya kuuondoa kabisa haijapatikana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanaoishi nao ni zaidi ya watu milioni 55, na zaidi ya asilimia 60 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu.

Mwaka 1998 watafiti kutoka nchi mbalimbali waliunda kundi, wakaliita 10/66. Jina lile lilikuwa shutuma. Hiyo 66 ni asilimia ya wagonjwa waliokuwa wakiishi katika nchi zinazoendelea. Hiyo 10 ni asilimia ya utafiti wa kwenye jamii uliokuwa ukifanyika huko, na pengine haikufika hata kumi. Kwa maneno mengine, dunia ilikuwa inajifunza ugonjwa huu kwa wazee wa Ulaya na Marekani, halafu inadhani imemjua bibi yako wa Machame.

Kwetu Tanzania hatua kubwa ilipigwa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro. Mwaka 2009 na 2010 watafiti wa hapa nchini na wenzao wa Uingereza walipita vijijini wakawafikia watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2013 ilionyesha kwamba kama watu 6 katika kila 100 wa umri huo walikuwa na dimensia. Chukua usharika au parokia yenye wazee mia wa umri huo. Sita. Huenda unawajua kwa majina, na huenda miaka miwili sasa hujawaona kanisani, wala hukuuliza waliko.

Kuna jambo katika kazi ya Hai ninalolipenda sana. Vipimo vingi vya kumbukumbu vilivyotungwa Ulaya humtaka mtu ashike kalamu achore saa au umbo fulani. Sasa mpe kalamu bibi ambaye hakuwahi kukaa darasani. Atashindwa, na karatasi itaandika kwamba akili yake imepungua, kumbe alichopungukiwa ni shule. Watafiti wakatengeneza kipimo kingine ambacho, badala ya kuchora, mzee anapanga njiti za kiberiti kufuata mfano anaoonyeshwa. Hakuna mama wa kijijini asiyejua kushika njiti ya kiberiti. Baadaye wakaleta tiba ya vikundi, ya mazungumzo na michezo ya kuchangamsha akili, vikao 14, ambayo asili yake ni Uingereza. Nayo ilibidi ibadilishwe ifanane na watu wasiosoma na ambao macho yao yamefifia. Walioshiriki walikuwa 34 tu, kwa hiyo tusipige vigelegele kupita kiasi. Lakini matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba uwezo wao wa kufikiri uliboreka, wasiwasi ukapungua, na dhiki ya waliokuwa wakiwauguza nayo ikapungua.

Njiti za kiberiti zinanifundisha kwamba mtu akimtazama mzee alivyo, kipimo kinakuwa cha haki zaidi. Hata hivyo kupimwa si kuulizwa. Mzee anaweza kupimwa damu, kupangishwa njiti, kutajishwa wanyama kwa dakika moja, na mgeni akaondoka bila kumuuliza: mama, wewe kinachokusumbua zaidi ni nini? Ungependa tutafute nini? Ni jambo gani tunalolifanya hapa linakuudhi?

Ajabu ni kwamba historia ya ugonjwa huu ilianza kwa maswali. Mwaka 1901, katika hospitali ya mjini Frankfurt, Ujerumani, daktari Alois Alzheimer aliketi na mama wa miaka 51 aitwaye Auguste Deter. Alimuuliza jina lake, akajibu Auguste. Alimuuliza jina la mumewe, akajibu tena Auguste. Daktari aliandika maswali na majibu. Mama yule alifariki mwaka 1906, ubongo wake ukachunguzwa, na jina lililobaki vinywani mwa watu likawa la daktari. Kwa miaka mingi baada ya hapo sayansi iliendelea kutazama ubongo kwa hadubini. Iligundua mengi na tunamshukuru Mungu kwa hayo. Lakini mazungumzo na mwenye ubongo yalikatika.

Walioyaunganisha tena ni wagonjwa wenyewe. Christine Bryden alikuwa ofisa mwandamizi wa serikali ya Australia, mama wa mabinti watatu na Mkristo, alipoambiwa mwaka 1995, akiwa na miaka 46, kwamba ana dimensia. Hakunyamaza. Aliandika kitabu kinachouliza atakuwa nani siku ya kufa kwake, swali ambalo mchungaji yeyote angepaswa kuketi nalo. Alisimama kwenye mikutano ya wataalamu akawaeleza ugonjwa unavyoonekana kutoka ndani. Mwaka 2003 akawa mtu wa kwanza mwenye dimensia kuchaguliwa kwenye bodi ya shirikisho la kimataifa la vyama vya Alzheimer. Wapo waliomtilia shaka wakisema mtu anayeongea hivi hawezi kuwa mgonjwa. Rudi Yohana 9 mstari wa 9: baadhi ya majirani nao walisema siye, anafanana naye tu. Inaelekea shahidi akianza kuongea vizuri, ndipo watu wanapoanza kukana kwamba ni yeye.

Huko Scotland watu wenye dimensia waliunda kundi lao mwaka 2002, na mwaka 2014 wakachapisha kanuni zao za jinsi watafiti wanavyopaswa kuwashirikisha. Wanataka waitwe tangu wazo la utafiti linapozaliwa, si baada ya kila kitu kupangwa. Wanataka usalama wa mioyo yao ulindwe, si wa miili tu. Na wanawakumbusha watafiti kwamba muda kwao hauendi kama unavyokwenda kwa wengine. Jirani zetu Kenya walikuwa mojawapo ya nchi saba katika mradi mkubwa ulioanza mwaka 2018, ambao ulitaka kila nchi iwe na kundi la ushauri lenye watu wanaoishi na dimensia na wanaowauguza. Kwa hiyo asije mtu akatuambia hili ni jambo la Wazungu. Hata Hai, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikwenda mbali zaidi ya kuhesabu. Uliongea na wagonjwa, wanaowauguza, waganga wa jadi na viongozi wa dini. Ndiyo, sisi viongozi wa dini nasi tuliulizwa, na sina hakika kama tulikuwa na la maana la kusema.

Sasa niseme juu ya wanaouguza, kwa sababu hapa ndipo naona moto.

Shirika la Afya Duniani linasema wasiolipwa, yaani ndugu na jamaa, hutumia wastani wa saa 5 kwa siku kumhudumia mtu mwenye dimensia, na kwamba asilimia 70 ya saa za kuwahudumia wagonjwa hawa hutolewa na wanawake. Ukiniambia hiyo ni takwimu ya mbali, nitakuambia tembea nami siku moja tunapopeleka Meza ya Bwana kwa wagonjwa majumbani. Utakuta binti aliyeacha kazi mjini. Utakuta dada wa kazi wa miaka kumi na minane ambaye hakuna aliyemweleza kwamba bibi ni mgonjwa. Yeye anajua bibi ni mkali na humwita mwizi. Utakuta mkwe.

Mkwe mmoja aliniambia habari ya wageni waliokuja na dodoso. Walikuwa watu wapole, wenye vitambulisho, wakaketi sebuleni wakamhoji. Mzee amesahau tangu lini? Anakula? Anatoroka usiku? Anatambua watoto? Alijibu yote. Kisha akaniambia, kwa ile sauti ya mtu ambaye hata kulalamika amechoka: "Baba mchungaji, wameniuliza maswali mengi ya mzee. Langu halikuwamo hata moja."

Nikamuuliza lake lilikuwa lipi. Akainamisha kichwa. Lake lilikuwa namna ya kumwogesha baba mkwe. Mume anarudi usiku, mama mkwe alikwishafariki, na mzee hawezi tena kujiosha. Kwa mila alizolelewa, kumwona baba mkwe bila nguo ni jambo zito lisilotamkika. Mzee naye, ambaye amesahau siku na mwezi, hilo hajalisahau: kila anapokaribia na beseni anapiga kelele na kumkinga kwa mikono. Watu wanasema amekuwa mkorofi. Huyo si mkorofi, huyo ni mzee mwenye haya. Na yule mama, kila asubuhi, anaingia chumbani humo akiwa na beseni na aibu yake, na hakuna darasa wala kipeperushi kinachomwambia afanyeje.

Nani angelitunga swali hilo ofisini? Hata mtafiti mwenye shahada tatu asingelifikiria, kwa sababu halimo vitabuni. Liko kwa mkwe, na liko kwa mzee. Ukiwaketisha wawili hao mwanzoni kabisa, kabla dodoso halijachapishwa, utafiti wenyewe unageuka. Pengine utahusu jinsi ya kupata vijana wa kiume wa jumuiya watakaokuja kumwogesha mzee, mbinu gani inampunguzia hofu, kanga gani ifunikwe wapi. Mambo madogo, utasema. Kwa nyumba ile ndiyo makubwa yote.

Ndiyo maana ninarudi kwa wale wazazi wa Yohana 9. Walishuhudia la kwao na la mwana wao wakamwachia yeye. Anayeuguza ana ushuhuda wake mwenyewe: uchovu, hasira, upendo, fedha zilizokwisha, usiku usio na usingizi. Huo uandikwe kama wake. Lakini asigeuzwe kinywa cha mgonjwa kwa kila jambo. Nimeona mara nyingi mzee akiulizwa na binti akajibu, mzee akafumba mdomo uliokuwa umeshafunguka. Si ubaya, ni haraka, na mara nyingine ni kumstahi asiaibike. Ila jibu la mzee linapotea.

Kuna watakaoniuliza: huyo asiyekumbuka alichokula asubuhi atakuambia nini? Atakuambia kama anaogopa. Atakuambia kama anapenda kukaa uani au ndani. Atakuambia kwamba redio inayowashwa ili kumchangamsha inamchanganya. Hakumbuki tarehe, lakini anajua anadharauliwa. Na walio hatua za mwanzo watakuambia mengi kuliko hayo, kama utaketi, utauliza swali moja kwa wakati, na utakubali ukimya wa dakika nzima kabla ya jibu. Sisi tunaosali Zaburi tunapaswa kuuweza ukimya huo.

Wengine wanasema waacheni wazee wapumzike, mbona mnawasumbua. Hoja hii naiheshimu. Yuko mgonjwa ambaye mgeni yeyote humtia hofu, na huyo aachwe kwa amani. Lakini mara nyingi kupumzishwa huko ni jina zuri la kufichwa. Chumba cha nyuma, mlango wa komeo, na wageni wakija anasemwa amelala.

Na kufichwa kuna gharama ya damu. Mwezi Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa huko Marani, Kisii, nchini Kenya, kwa tuhuma za uchawi. Kanda ya Ziwa hapa kwetu tumezika bibi wengi kwa tuhuma hizo hizo. Sisemi walikuwa na dimensia, hilo silijui. Ninachojua ni kwamba bibi anayezunguka usiku, anayeongea peke yake, anayeingia ua wa jirani akidhani ni kwake, yuko hatarini katika kijiji ambacho hakijawahi kuambiwa kwamba kuna ugonjwa wa namna hiyo. Siandiki kupinga maombi. Tumwombee mgonjwa, tumwekee mikono, tumpake mafuta kama Yakobo alivyoagiza. Lakini tukimkemea pepo asiyekuwepo mbele ya mkutano, tumempa jirani mwenye panga sababu. Watafiti wanaokuja kuuliza watu wanaelewaje ugonjwa huu wanatusaidia kulinda uhai, na anayefaa kuwaeleza inavyokuwa kuitwa mchawi ni yule aliyeitwa.

Sasa tufike madhabahuni kwetu. Watafiti wakitaka wazee wanapita wapi? Kwa mwenyekiti wa kijiji, na kwetu. Wanaomba dakika mbili za matangazo. Na hapa wachungaji, mapadri na wazee wa kanisa wenzangu nawasihi sana. Mzee wa kijijini akisikia tangazo la utafiti kutoka mimbarini, halisikii kama ombi. Analisikia kama agizo. Mchungaji amesema. Atakwenda, atatia dole gumba kwenye fomu ya ridhaa asiyoielewa, kwa sababu kumkatalia mchungaji ni kama kumkatalia Mungu. Ridhaa ya namna hiyo si ridhaa. Kwa hiyo anayetangaza aseme kwa sauti ile ile kwamba mtu anaweza kukataa, kwamba anaweza kuanza na kuacha katikati, na kwamba hakuna atakayefutwa kwenye orodha ya msaada wa Krismasi kwa sababu hiyo. Aseme mara mbili.

Fomu nayo ina mwenyewe. Katika familia zetu anayeitwa kusaini ni kaka mkubwa aliyeko Dar es Salaam, ambaye mara ya mwisho alilala nyumbani Pasaka ya mwaka juzi. Anasaini kwa niaba ya baba, kisha anapiga simu kwa dada yake: watu watakuja Jumanne, mwandae mzee. Sheria zinaweza kuruhusu ndugu aridhie pale mgonjwa anaposhindwa kabisa. Hata hivyo Azimio la Helsinki, mwongozo wa madaktari wa dunia kuhusu utafiti uliowekwa mwaka 1964 na kupitiwa upya mara kadhaa, mara ya karibuni mwaka 2024, linataka hata mgonjwa asiyeweza kutoa ridhaa kamili, kama anaweza kukubali au kukataa, aulizwe. Na kukataa kwake kuheshimiwe. Akigeuza uso ukutani, amejibu. Na kwa kuwa leo siyo kesho kwa mgonjwa huyu, aliyekubali Jumanne aulizwe tena Alhamisi.

Katika 2 Samweli 19, kuanzia mstari wa 31, kuna mzee ninayempenda. Barzilai Mgileadi, miaka 80. Alikuwa amemlisha Daudi na watu wake Mahanaimu, siku za Absalomu. Sasa mfalme anarudi kwa ushindi na anataka kumchukua Yerusalemu amtunze mezani pake. Ni wema mtupu. Barzilai anakataa. Anasema uzee umemla: hatofautishi tena mambo, chakula hakimpi ladha, sauti za waimbaji hazisikii vizuri, kwa nini awe mzigo kwa mfalme? Anataka kufia mjini kwake, karibu na kaburi la baba na mama yake. Sisemi alikuwa na dimensia. Lakini tazama mfalme alivyofanya. Hakumwambia mzee wewe hujui linalokufaa. Hakumtafuta mwanawe amshawishi. Barzilai alipopendekeza Kimhamu aende badala yake, Daudi alikubali, tena akaahidi kumtendea Kimhamu yale yatakayompendeza Barzilai. Akambusu, akambariki, mzee akarudi kwake. Mfalme mwenye jeshi zima nyuma yake alikubali hapana ya mzee anayekiri kwamba akili yake imechoka.

Basi wakija kwenu watafiti, wapokeeni, maana tunawahitaji. Ulizeni kibali: Tanzania utafiti wa afya hupata kibali cha maadili kupitia NIMR, na Kenya leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI. Ulizeni kama kuna mgonjwa au mwuguzaji aliyesaidia kutunga maswali. Wakisema hakuna, waulizeni kama hawajachelewa bado. Ulizeni nauli ya anayemleta mzee italipwa na nani, na nani atabaki na mzee siku ambayo binti yake anahojiwa. Ulizeni watarudi lini kutueleza walichokipata, kwa Kiswahili, si kwa makaratasi ya Kiingereza yanayobaki kabatini. Andikeni tarehe hiyo kwenye kitabu cha usharika, na ikipita wapigieni simu.

Tarehe 21 Septemba kila mwaka dunia huadhimisha siku ya Alzheimer. Baraza la wazee linaweza kupanga Jumapili iliyo karibu na siku hiyo itengwe dakika kumi baada ya matangazo. Mmoja kati ya wanaouguza aseme, kama anataka kusema. Mgonjwa aliye hatua za mwanzo naye aseme, kama anataka, akiwa ameketi, na kipaza sauti kisitolewe mdomoni pake akinyamaza kidogo. Daktari kutoka hospitali ya wilaya aseme wa mwisho. Umoja wa Wanawake wajue mapema nani atakaa na nani nyumbani asubuhi hiyo, ili yule mkwe naye aweze kuja ibadani.